Hagi ya Mama Mkubwa

Kuna neno moja nikilisikia meno yananibana. Juzi binti yangu mdogo alirudi kutoka chekechea, begi bado liko mgongoni, akasimama kwenye mlango wa chumba changu cha ushonaji huku amepanua mikono. "Mama, nipe hagi." Nilikuwa natia mafuta cherehani kuukuu, kichupa kiko mkononi, na ile harufu ya mafuta na chuma ikanipanda puani wakati huohuo neno linaingia masikioni. Nikaendelea kutia mafuta, mtoto ananitazama. Alisimama na mikono yake hewani mpaka akachoka, akaishusha. Baadaye nilimpakata, nikamwimbia, nikamkuna mgongo anapopenda kukunwa, maana yeye hana kosa. Lakini neno lenyewe sikulitamka.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Sisi hatukulelewa kwa hagi. Mkubwa akiingia unamwamkia, unaubusu mkono wake, unampokea mfuko, na mapenzi yashaonekana. Siku ya Idi wanaume wakitoka msikitini walikumbatiana, na mama zetu walikumbatiana misibani. Mtoto mchanga alipakatwa. Bibi yangu alikuwa na neno lake la zamani, kupambaja, na hilo alilitoa kwa mtu aliyerudi kutoka safari ndefu tu, si kwa mtu aliyetoka dukani. Siku hizi hagi inatumika kwa kila kitu. Watu wanahagiana kwenye sendofu, wanahagiana stendi, kuna hagi ya upande ya ofisini ambapo bega linagusa bega na mgongo unapigwa mara mbili basi, na kwenye simu watu wanatumiana hagi ilhali kila mmoja amelala kitandani kwake. Wateja wangu huniandikia, "Hagi nyingi, dada fundi," hata nikiwa nimewachelewesha nguo. Sina ugomvi na hao. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja, kwa ajili ya hagi moja aliyonipa nikiwa darasa la tatu.

Mama yangu, Rukia, alikuwa fundi cherehani pale Kerege. Kibaraza chetu kilitazama barabara ya Bagamoyo, na cherehani yake ya miguu ilikaa pale kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kivuli kilipohama nayo ikahamishwa. Alishona sare za shule, madera na mashuka, na Idi ikikaribia kanga za kupinda zilijaa hadi juu ya kitanda chetu. Mimi makazi yangu yalikuwa chini ya ile cherehani. Nilikaa kando ya kile kibao cha kukanyagia, nikaokota pini kwa sumaku, nikatazama nyayo za Mama zikipanda na kushuka. Hina ya kisigino chake ilianza nyeusi, ikawa rangi ya matofali, ikafifia, ikapakwa tena. Kwenye mkono wa cherehani alifunga kitambaa chekundu cha kuchomekea sindano. Nikikigusa alinipiga kidole. "Ukifika darasa la saba hii ni yako," alikuwa akisema. "Kabla ya hapo usinigusie kitambaa changu."

Baba alikuwa na nyumba nyingine Chalinze, na kwetu alikuwa jina tu la kuandika shuleni. Kwa hiyo Mama alipougua msimu mmoja wa mvua na akafariki kabla mvua hazijaisha, nilibaki na Bibi, mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumkataa.

Siku ya arobaini alikuja Mama Mkubwa. Huyu ni dada yake Mama, mkubwa wake wa tumbo moja, aliyekuwa akiishi Dar na kufanya kazi kwenye ofisi yenye feni mbili. Kwetu alifika kwa nadra. Alizikosa siku tatu za mwanzo za msiba kwa sababu ya kazi, hivyo arobaini akaja na mambo mengi: mchele, mkoba mweupe, na manukato yaliyobaki kwenye mapazia hata yeye akiwa uani. Watu wa Kerege walimheshimu sana. Nami nilimheshimu, nilimwona mzuri kuliko Mama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka.

Baada ya hitima, maalim wa chuo chetu cha Kurani alikunja miguu juu ya mkeka akasema mbele ya watu wote, "Marehemu ameacha mtoto mmoja. Jamani, mtoto apewe haki yake." Watu wakaitikia naam. Mama Mkubwa aliitikia kwa sauti kuliko wote, na akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nilikuwa nazungusha birika la kunawia mikono. Nikasimama na birika langu nikiwaza: haki hiyo ikoje?

Wakubwa wote pale walijua kwamba maalim anasema cherehani. Mimi sikujua. Cherehani ilikuwa yangu tayari, Mama alishaniambia, sasa mtu atanipaje kitu changu? Kwa hiyo haki lazima iwe kitu kingine cha juu yake. Tukiwa tunaosha masinia nikamuuliza Bibi. "Utaiona, mjukuu wangu," akasema, "watakupa." Nikaamini kwamba ni kitu kilichofungwa kwenye gazeti, ukubwa wake kama mkate wa boflo, na kwamba kipo ndani ya ule mkoba mweupe. Nililala nikiufikiria.

Asubuhi pikapu ilikuwa imesimama barabarani, nayo sikuitilia maanani, magari yalikuwa yakisimama pale kila siku kununua mananasi. Mama Mkubwa alisimama ndani, mgongo ameupa mlango wa kibarazani, amejifunga mtandio tayari kwa safari. Akaniita kwa sauti ya upole.

"Njoo, mwanangu. Njoo nikupe hagi."

Nilisikia haki. Wala sikusita. Nilimwambia, "Ngoja, Mama Mkubwa," nikakimbia uani kunawa mikono kwa sabuni, maana Mama alinifundisha kwamba kitu cha mkubwa hakipokelewi kwa mikono michafu. Nikarudi, nikapiga goti kidogo, nikamtandazia viganja viwili.

Akacheka. "Ona huyu!" akasema, na akanivuta kifuani viganja vyangu vikiwa bado wazi, vikabanwa kati ya tumbo lake na langu. Alikuwa mnene, wa joto. Hereni yake ilikuwa ya baridi na ilinikaa shavuni. Alikuwa amenisimamisha juu ya kigoda ili tulingane, na kidevu changu kikapita juu ya bega lake, kikatazama kibarazani.

Pale kibarazani wanaume wawili walikuwa wameinama. Mmoja akasema, "Inua kwako," na cherehani ya Mama ikapanda hewani. Ule mkanda wa ngozi ulikuwa umechomoka, unaning'inia. Gurudumu lilizunguka lenyewe kidogo, likasimama. Kitambaa chekundu kilikuwa palepale, na sindano zake. Miguu ya chuma ikakwaruza ukingo wa pikapu, sauti ambayo hata leo nikiisikia kwenye geti la mtu nageuka. Nilitaka kusema, lakini mdomo wangu ulikuwa umezama kwenye mtandio, na kila nilipojitikisa alinikaza zaidi akinipigapiga mgongoni, "Basi, basi, basi."

Bibi alitoka uani akipapasa ukuta. "Mnaipeleka wapi hiyo?"

"Namtunzia, Mama," Mama Mkubwa akajibu, bado amenishika. "Huku itaibiwa bure. Akikua ataichukua."

Ndipo akaniachia. Nikavitazama viganja vyangu, havina kitu. Nikamuuliza, "Iko wapi?"

"Nini, mwanangu?"

"Haki yangu."

Alinitazama kidogo. Kisha akatabasamu, akanishika kidevu. "Si ndiyo nimeshakupa?"

Akapanda pikapu, mbele, karibu na dirisha. Mpaka leo sijui kama alisikia hagi au alisikia haki. Nimeligeuza jambo hilo miaka yote, na kila mara nalipata jibu lilelile: alisikia vizuri.

Lakini wakati ule sikuwa na hasira, na hapo ndipo utoto ulipo. Nilimwamini. Nilidhani kweli nimeshapewa. Tulipofika darasa la nne mwalimu wa uraia akauliza, nani atatuambia haki ni nini? Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Nikasimama na sare yangu iliyochanika kwapani, mimi mtoto wa fundi, nikasema kwa sauti, "Haki ni mtu kukukumbatia, halafu kitu chako kinaondoka." Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia nikae. Niliitwa Mama Haki mpaka tunamaliza shule.

Mwaka uliofuata mwalimu wa Kiingereza akaandika ubaoni herufi tatu: h, u, g. Akazisoma, "Hag." Sisi, kwa ndimi zetu za Pwani ambazo haziwezi kuliacha neno bila kulifungia mlango, tukaitikia kwa pamoja, "Hagi!" Akasema maana yake ni kukumbatia, akamwita msichana mmoja mbele akamkumbatia ili tuone. Wenzangu walikuwa wanacheka kwa haya. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa deski. Niliiona pikapu, nilisikia chuma kikikwaruza, na nikafahamu kwamba Mama Mkubwa hakunipa haki, wala siku ile hakuwa na nia ya kunipa. Alinipa hagi ili nisimame kimya juu ya kigoda wakati wezi wake wanabeba. Nilifika nyumbani nikamwambia Bibi. Bibi alikuwa anasuka ukili wa mikeka, kazi pekee ambayo haikuhitaji macho, na ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Hakusimamisha vidole. "Nilijua," akasema. "Sina nguvu, mjukuu wangu." Tangu siku hiyo nilimchukia dada wa mama yangu kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na moyo mkubwa.

Idi iliyofuata akaja, amevaa gauni jeupe la lesi. Nikamwona tangu anashuka garini. Nikaenda jikoni, nikaigeuza sufuria ya ubwabwa, nikaisugua masizi kwa viganja vyote viwili mpaka vikawa vyeusi tii, nikaviweka mgongoni kwangu. Alipofika ukumbini nikamtangulia kwa shangwe. "Mama Mkubwa, nipe hagi!"

"Ona mtoto alivyoerevuka!" akawaambia watu. Akainama. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, nikavituliza viganja katikati ya mgongo wake, kimoja kulia na kimoja kushoto, nikavisokota kidogo ili vishike. Alizunguka nyumba nne za majirani kutoa mkono wa Idi na viganja vyangu vikiwa mgongoni kwake, na hakuna aliyemwambia. Bibi alivisogezea pua yake, akanusa masizi, akaenda zake. Alipoondoka nilimsikia Bibi anacheka peke yake uani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mama azikwe. Siku hiyo nilishiba.

Nilipomaliza darasa la saba nilimfuata Dar peke yangu, nikamwambia nimekuja kuichukua cherehani ya Mama kama alivyosema. Alikuwa mezani anakula. "Cherehani gani?" akaniuliza, na akaendelea kumenya chungwa. "Ile iliyopo ndani? Ile ni yangu, mwanangu." Kisha akasimama, akanawa mikono, akaipanua. Nilitoka bila kuaga. Huko nyuma nilimsikia akimwambia mtu kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Ushonaji nilijifunza Bagamoyo mjini, kwenye cherehani za watu, nikifagia vitambaa kwanza ndipo niruhusiwe kukaa. Bibi alifariki kabla sijamshonea gauni lililonyooka. Leo nina cherehani tatu za umeme, sikuwa na haja ya kile chuma cha miguu. Mume wangu, Hamza, aliniambia hivyohivyo mwezi uliopita niliposikia kwamba Mama Mkubwa amezeeka, amehamia na vitu vyake, cherehani ikiwemo, kwa mwanawe pale Mapinga, na nikamwomba atafute kirikuu ya kubebea mzigo.

"Mke wangu, mtu mzima yule. Samehe."

"Nitasamehe ikiwa nyumbani."

"Na akikataa?"

"Wewe simama nyuma yake na dereva. Nikikukonyeza, bebeni."

Tulimkuta peke yake sebuleni, mwanawe yuko kazini. Alikuwa amesinyaa. Ule unene wote umekwenda, amevaa dera kubwa, ananuka dawa ya kuchua badala ya manukato. Na nyuma yake, ukutani, ilikuwepo. Wameigeuza meza: juu kitambaa cha kufuma, jagi la maji, na bomba la dawa ya mbu. Lakini chini ya kile kitambaa, mkononi mwa cherehani, niliona ncha ya kitambaa chekundu kilichofifia mpaka kikawa rangi ya hina ya siku nyingi. Miaka yote hiyo hakukifungua hata hicho.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Nani?" Aliweka mkono sikioni.

"Shikamoo! Mtoto wa Rukia! Wa Kerege!"

"Ooo, marahaba! Mtoto wa Rukia!" Macho yakamjaa machozi. "Karibu, mwanangu. Mmekuja wengi, na hawa ni nani?"

 Nilikuwa na sentensi moja niliyoibeba tangu nikiwa na viganja visivyofika begani kwake, na niliiogopa isije ikaniponyoka. Nikaisema taratibu. "Nimekuja kuchukua haki yangu."

"Unataka nini?"

"Haki!" nikapaza sauti. "Haki yangu!"

Uso wake ukachanua. Naapa ulichanua, kama mtu aliyeletewa habari njema. "Hagi!" akasema. "Njoo, mwanangu, njoo! Hawaji kunipa hata hao niliowazaa." Akajitahidi kusimama, ameshika mkono wa kiti, akaipanua ile mikono.

Ningeweza kumsahihisha. Ningeweza kumwandikia kwenye karatasi. Hamza alikuwa ananitazama, na nilijua anachoniomba kwa macho. Mimi nikapiga hatua mbili, nikaingia mikononi mwa Mama Mkubwa, nikamzungusha kidogo ili mgongo wake uelekee ukutani, nikamkumbatia. Alikuwa mwepesi, ningeweza kumwinua. Safari hii kidevu chake ndicho kilichokaa begani kwangu, na anayetazama mlango ulio wazi, jua na kuku wa jirani alikuwa yeye. Mimi nilitazama cherehani. Nikamkonyeza Hamza.

Hamza akasita. Nikamkonyeza tena. Akaliweka jagi sakafuni kwa adabu, akamwambia dereva polepole, "Inua kwako." Ikapanda. Gurudumu likazunguka lenyewe, likasimama. Walipita kwa mlango wa uani, na miguu ya chuma ikakwaruza kizingiti kwa sauti ileile. Yeye hakusikia kitu. Alikuwa ananiambia sikioni kwamba usiku miguu inamuuma, kwamba chakula hakina ladha, kwamba mimi nimefanana na Rukia mabegani. Alipotaka kuniachia nilimkaza. "Basi," nikamwambia, nikimpigapiga mgongoni. "Basi, basi, basi." Mtaniuliza kama nilimhurumia. Hapana. Nilikuwa na furaha, na nilimshika mpaka niliposikia kirikuu imewaka.

Nilipomwachia alikuwa anatabasamu bado. Aligeuka polepole kurudi kitini, akaliona jagi lake liko sakafuni. Kisha akauona ukuta, na alama nne za kutu sakafuni pale miguu ilipokuwa imekaa.  Akanigeukia, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa.

"Mwanangu," akasema. "Iko wapi?"

Nikainama kwenye sikio lake linalosikia vizuri, nikamshika kidevu.

"Si ndiyo nimeshakupa?" nikamwambia, na nikavaa viatu vyangu.